Timu ya shule isiyo na bajeti: kazi niliyojifunza kwa kocha Eddie Robinson

Nilipokabidhiwa michezo ya shule nilipewa mipira miwili, mmoja mshono umeachia, pampu isiyo na sindano, na ufunguo wa stoo ambayo ndani yake yalikuwa magunia ya mahindi. Fungu la michezo halikuwepo. Msaidizi hakuwepo. Mkuu wa shule aliniambia kwa upole kabisa, "Madam, wewe anza tu, mengine tutaona mbele ya safari."

Shule yetu iko Mufindi, mkoani Iringa, upande wa misitu ya Sao Hill, ambako Juni na Julai ukungu haunyanyuki mpaka saa nne na mtoto akipuliza viganja vyake unaona mvuke. Nafundisha Historia. Chuoni nilicheza netiboli. Mpira wa miguu nilikuwa naujua kwa kuutazama tu.

Aliyenifundisha kazi hii hakuwa mtu wa soka kabisa. Nilimkuta kwenye jarida la zamani la michezo lililoachwa na mwalimu wa kujitolea kutoka Marekani, nikalisoma nimekaa juu ya gunia mle stoo. Anaitwa Eddie Robinson, kocha wa mpira wa Kimarekani, ule wenye umbo kama yai, unaobebwa na kurushwa kwa mkono, wachezaji kumi na mmoja kila upande na helmeti kichwani, timu inapewa majaribio manne ya kusogea yadi kumi. Sheria zake hazitakusaidia kitu Mafinga, mji wetu wa jirani. Kilichonishika ni kazi alizokuwa akizifanya mwaka wake wa kwanza.

Alizaliwa tarehe 13 Februari 1919 katika mji wa Jackson, jimbo la Louisiana. Baba yake alilima pamba kwenye shamba la mwenye ardhi kwa kugawana mavuno, mama yake alikuwa mfanyakazi wa ndani. Alicheza mpira katika chuo cha Leland, akamaliza, akaishia kwenye kinu cha chakula cha mifugo mjini Baton Rouge kwa senti 25 kwa saa. Mwaka 1941, akiwa na miaka 22, chuo kidogo cha Weusi kaskazini mwa Louisiana, kile ambacho baadaye kilikuja kuitwa Grambling, kikamwajiri awe kocha kwa dola 63.75 kwa mwezi. Msaidizi wa kulipwa hana. Aliyemshika mkono ni mlinzi wa usiku wa chuo. Nyasi akakata mwenyewe. Mistari akachora mwenyewe. Vifundo vya miguu vya wachezaji akavifunga mwenyewe. Basi akaendesha. Mikate ya safari akaiandaa, kwa sababu migahawa ya Wazungu wa kusini mwa Marekani siku zile haikumpokea mtu mweusi. Na mechi ikiisha, anakaa chini anaiandikia habari na kuipeleka gazetini.

Msimu wa kwanza alishinda mechi 3 akafungwa 5. Msimu wa pili, 1942, alishinda zote 9, na hakuna timu hata moja iliyopata pointi dhidi yake. Alikaa palepale mpaka 1997: ushindi 408, kufungwa 165, sare 15.

Nina mwaka wa saba sasa nazifuata kazi zile. Naandika kwa mwalimu wa Makete, Kilolo, Rungwe au popote aliyekabidhiwa mipira miwili na ufunguo.

Mtafute mlinzi wako wa usiku

Usianze na wachezaji, watakuja tu. Anza na mtu mzima mmoja ambaye saa kumi jioni yuko shuleni kila siku, mvua au jua. Kwa walimu wenzako ni vigumu, wengi wana shamba, wana watoto, wana kozi. Angalia kwa mpishi, kwa mlinzi, kwa kijana wa mashine ya mbao iliyo jirani. Kwangu alikuwa mlinzi, mzee ambaye shule nzima inamwita Babu. Niligundua siku moja mpira ulipotoka nje ya uwanja ukaelekea kwenye kibanda chake: hakuupiga teke, aliudaka kifuani, akaukumbatia na kupiga goti. Aliyefundishwa kudaka namna ile alikuwa kipa.

Usimwombe mtu kama huyo "akusaidie timu". Neno hilo halina mwanzo wala mwisho, ataogopa. Mpe kazi moja yenye saa yake. Nilimwambia Babu, shikamoo, naomba makipa wawili uwachukue Jumanne na Alhamisi, saa kumi na nusu mpaka saa kumi na mbili kasoro robo, halafu unaingia lindoni kama kawaida. Akafikiri. Akasema, "Makipa tu. Hao wengine ni wako, mwanangu." Tangu siku hiyo sijamwongezea mchezaji wa tatu, na yeye hajakosa siku. Mwisho wa muhula wachezaji wanachanga, wanampelekea kilo mbili za sukari na sabuni mbele ya wenzao wote mstarini. Mfanyie hivyo wako pia, hadharani.

Uwanja

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu uwanja ukikaa sawa nidhamu nusu imekwisha kukaa. Mtoto akikanyaga mstari ulionyooka anajua yuko mahali pa kazi.

Sheria za mpira zinakuruhusu urefu wa mita 90 mpaka 120 na upana wa mita 45 mpaka 90. Wa kwetu ni 95 kwa 60, ukivuka hapo unaingia kwenye miche ya misindano. Fyekeni kwanza, wachezaji wenyewe na mwalimu mwenyewe na fyekeo mkononi. Nyasi zilizokatwa msizichome, zisombwe zikawekwe kwenye bustani ya shule. Mawe yaokotwe kwa mstari: watoto wote wanasimama bega kwa bega kwenye goli moja, wanatembea polepole mpaka goli la pili, kila mtu na kiroba. Fanyeni hivyo kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi. Mvua za huku huleta mawe mapya.

Kona ndizo zinazowashinda wengi. Uwanja unapigwa kwa macho, halafu upande mmoja unakuta umepinda kama jembe lililozeeka. Chukua kamba ya katani, pima mita 12 kamili, unganisha ncha zake ziwe mduara. Kwenye kiungo piga fundo na funga kitambaa chekundu. Hesabu mita 3, piga fundo la pili. Hesabu mita 4 nyingine, piga la tatu. Kutoka hapo kurudi kwenye kitambaa chekundu zitakuwa zimebaki 5. Sasa watu watatu wanashika kila mmoja fundo lake na kuvuta mpaka kamba ikakamaa pande zote. Kona iliyo kati ya ule upande wa mita 3 na ule wa mita 4 ni kona ya mraba kamili. Hapo ndipo unapopiga kigingi cha kona ya uwanja, na mistari miwili inafuata pande hizo mbili za kamba. Mwalimu wa Hisabati akija kutazama mwachie nafasi, atawaeleza watoto sababu vizuri kuliko mimi. Wa kwetu alikuja mara moja, na somo la pembetatu mwaka ule alilifundishia uwanjani.

Goli ni mita 7.32 kwa 2.44. Nguzo huku si tatizo, mirunda iko tele. Ichague iliyonyooka, imenywe magome, na sehemu inayoingia ardhini ipakwe oili chafu ili mchwa wasiile. Boksi kubwa linaanzia ndani ya kila nguzo, unapima mita 16.5 kwenda pembeni na mita 16.5 kuingia uwanjani. Boksi dogo ni mita 5.5 kwa namna hiyohiyo. Penalti ni mita 11 kutoka mstari wa goli. Duara la kati: kigingi katikati, kamba ya mita 9.15, mtoto mmoja anazunguka na kijiti huku kamba imekaza.

Kuhusu kitu cha kuchorea. Majivu ya jikoni hayavuki mvua moja. Unga wa mbao tunaupata bure kwenye mashine, unaonekana vizuri kwenye nyasi mbichi, na ukiloa unabaki pale ulipo. Mazoezi ya kila siku tunautumia huo. Siku ya mechi tunapitisha chokaa juu yake. Na hapa nataka kila mwalimu anisikilize. Mwaka wa kwanza niliagiza chokaa dukani bila kuuliza ni ya aina gani. Ikaja isiyozimwa, ile inayochemka ukiitia maji. Niliwaachia vijana wawili waimwage kwa mikono, upepo ukavuma, mmoja ikamwingia jichoni. Bahati Babu alikuwa karibu, akamlaza chini akammiminia maji jichoni ndoo baada ya ndoo, hakuacha nilipomwambia inatosha, na tukaendelea kummiminia ndani ya gari njia nzima mpaka hospitali. Jicho lilipona. Siku ile sikulala, na mpaka leo nikiona mfuko wa chokaa namwona mtoto yule amelala kwenye nyasi. Nunua chokaa iliyokwisha kuzimwa, ile ya kupakia kuta. Ichanganye na maji kwenye kopo lenye tundu, imwage mtu mzima mwenye glavu, watoto wakae upande upepo unakotokea. Ikimwingia mtu jichoni, maji safi papo hapo, mengi, dakika ishirini au zaidi, halafu hospitali. Usimwache afikiche.

Kengele kabla ya filimbi

Robinson alikuwa akipita kwenye mabweni alfajiri na kengele, ile inayovishwa ng'ombe shingoni, anaamsha wachezaji waende kwenye kifungua kinywa na darasani. Darasani, si mazoezini. Kwenye zile habari zake zote, hii ndiyo iliyonifanya nimwamini. Kocha aliyeingiza vijana zaidi ya 200 kwenye mpira wa kulipwa alihesabu kwanza nani yuko darasani.

Kengele ya shule yetu ni ringi ya gari iliyoning'inizwa kwenye mti wa mkaratusi. Saa kumi na moja alfajiri naigonga mara tatu, kisha napita dirisha hadi dirisha la bweni la wavulana nikiita majina ya wachezaji kwenye daftari. Anayeitika nampigia alama. Matroni anafanya hivyohivyo kwa wasichana, maana tangu mwaka wa tatu tuna timu yao, na nasema bila kusita kwamba daftari lao ni safi kuliko la kaka zao.

Daftari ni la kawaida, kurasa 96. Ukurasa mmoja kwa mchezaji mmoja. Safu ya kwanza tarehe, ya pili darasani, ya tatu prepu, ya nne mazoezi, ya tano alama za majaribio. Kila Ijumaa nawapitia walimu wa masomo ofisini, dakika tano kila mmoja, naandika wanachosema. Kanuni ni moja: asiyekuwa darasani wiki hiyo bila ruhusa hachezi mechi ya wiki hiyo.

Kanuni hiyo itajaribiwa, na itajaribiwa kwa mchezaji wako bora. Kwangu ilikuwa fainali ya kata. Straika wangu alitoroka vipindi vya Hisabati Jumatano na Alhamisi akaenda kubeba mbao apate hela ya njumu. Alinililia. Wenzake walinililia. Mzazi mmoja wa mchezaji mwingine alinifuata ukingoni mwa uwanja akaniambia nawaonea watoto. Nilimkalisha straika benchi, nimemfunika koti langu kwa sababu ya baridi, tukafungwa bao moja bila. Wiki iliyofuata nilimtafutia njumu za mtumba pale Mafinga nikamkatia mbele ya mkuu wa shule karatasi ya deni: atalipa kwa kufyeka uwanja Jumamosi nne. Alilipa zote. Hakutoroka tena kipindi. Ukikalisha mtoto benchi kwa kosa, itafute na sababu iliyomsukuma, vinginevyo umemwadhibu kwa umaskini wake.

Shamba la bibi

Kuna simulizi ya Robinson wakati wa vita. Chuo hakikuwa na timu mwaka 1943 na 1944, akawa anafundisha vijana wa sekondari ya Grambling. Baba mmoja akawaondoa wanawe wawili timuni, walikuwa wachezaji tegemeo, wakachume pamba. Robinson hakwenda kubishana. Aliichukua timu nzima wakaingia shambani, wakachuma pamba mpaka ikaisha, na wale vijana wakarudi kucheza.

Nilipoisoma mara ya kwanza nilidhani ni hadithi nzuri tu. Mwaka wangu wa nne ikanifika. Kiungo wangu wa kidato cha tatu aliacha kuja, wiki mbili kabla ya mashindano ya wilaya ya UMISSETA, yale ya michezo ya shule za sekondari. Wenzake wakasema yuko kwa bibi yake, wanavuna.

Barua ya shule kwa bibi asiyesoma ni amri anayosomewa na jirani. Nenda mwenyewe, nenda jioni, nenda peke yako. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda nje ya jiko anapukuchua.

"Kamwene, bibi."

"Kamwene, mwalimu. Karibu ukae."

Akanisogezea kigoda cha pili kwa mguu. Hakuacha kazi. Gunzi likiisha analitupia kwenye tenga bila kuangalia, na kila mara linaingia. Nikachukua muhindi nami nikaanza. Vidole vyangu havikuwa na sugu, baada ya mihindi mitano vilikuwa vyekundu. Aliviona. Tulipukuchua muda mrefu bila neno, halafu akasema, "Mwanangu, mpira haujazi kihenge."

Sikumbishia, maana ni kweli. Nikamwuliza shamba lililobaki ni kiasi gani. Akasema ekari moja na nusu, na tumbili wameshaanza kushuka kutoka msituni, na kijana ni mmoja tu. Nikamwuliza, je, shamba likiisha Jumamosi, kijana Jumatatu atakuja shule? Akacheka kidogo, akasema, "Likiisha Jumamosi, hata mimi nitakuja."

Tulikwenda watu kumi na saba, Babu wa kumi na nane. Tulianza saa moja, umande bado uko kwenye mabua. Makipa walibeba viroba kwa sababu ndio wenye mabega. Saa tisa alasiri shamba lilikuwa jeupe, mabua yamelazwa upande mmoja, mahindi yamefika uani. Bibi alihesabu viroba mara mbili. Kijana Jumatatu alikuwa darasani, na asubuhi ya safari ya wilayani bibi alileta nusu gunia la viazi kwa ajili ya njia, amelibeba mwenyewe kichwani.

Ukitaka kufanya hivi, lifanye vizuri. Mkuu wa shule ajue na akubali kwa maandishi. Wazazi wa watoto wengine waulizwe, anayekataa mtoto wake abaki bila maneno. Siku iwe Jumamosi, kamwe isiwe siku ya vipindi. Nendeni na unga wenu na maharage yenu. Usimpelekee bibi midomo kumi na minane ya kulisha. Picha msipige. Na mchezaji asaidiwe hivyo mara moja kwa msimu, la sivyo timu inageuka kibarua cha ukoo.

Safari, chakula na mguu uliotenguka

Viazi vya bibi ndivyo vilivyonifundisha chakula cha safari. Kabla ya hapo tulikuwa tunaondoka na hela ya kununua njiani, tunafika stendi vijana wananunua soda na maandazi, kipindi cha pili wanakuwa wazito. Sasa wachezaji kumi na wanane tunawachemshia ndoo moja ya lita 20 ya viazi, mayai mawili kila mtu, ndizi, na ndoo ya maji yaliyochemshwa jana yake. Wanakula yakiwa yamebaki masaa matatu mechi ianze, mchana kweupe, wamekaa chini ya mti pamoja. Alfajiri kabla ya kuondoka, uji wa ulezi. Mechi ikiisha ndipo ugali.

Robinson alikuwa anataka wachezaji wake wasafiri wamevaa koti na tai. Sisi hatuna tai, tuna sare ya shule. Inapigwa pasi usiku, pasi ya mkaa, zamu mbilimbili. Mara ya kwanza tuliposhuka Iringa mjini, karibu na Uwanja wa Samora, mama mmoja muuza karanga aliuliza kama ni watoto wa kwaya. Vijana walitembea wamenyooka mpaka getini.

Gari lisiwe fuso la mbao, hata kama ni bure, hata kama dereva ni mjomba wa mtu. Kama nauli ya kosta haijatimia, punguza wachezaji au usiende.

Kwenye mguu, kazi ya mwalimu ni kuzuia mazoea. Mtoto akitenguka kifundo cha mguu kila mtu anataka kumchua, tena kwa maji ya moto na dawa ya kuwasha. Siku mbili za kwanza usichue na usiweke moto. Mpumzishe, weka kitambaa kilicholoweshwa maji ya baridi (ya mto wetu Julai yanatosha kabisa), dakika kumi na tano unatoa, unarudia baadaye. Funga bandeji ya kuvutika kuanzia vidoleni kupanda juu, isibane mpaka vidole vikawa baridi, na mguu ukae juu ya begi kupita usawa wa moyo. Akishindwa kukanyaga hatua nne, apelekwe hospitali, huenda ni mfupa.

Andika

Hili ni fupi lakini usiliruke. Robinson aliandika habari za mechi mwenyewe kwa sababu hakuna mwandishi aliyekuwa anakuja. Baadaye chuo kilimpata mtu wa habari, Collie Nicholson, na jina la Grambling likatoka kwenye kijiji kile likafika New York mwaka 1968, timu ikicheza Yankee Stadium, na Tokyo mwaka 1976.

Baada ya kila mechi, usiku uleule, andika nusu ukurasa. Tarehe, uwanja, hali ya hewa, matokeo, nani alifunga na dakika gani, nani alitoa pasi, nani aliingia badala ya nani. Andika jina la beki aliyeokoa mpira kwenye mstari, maana magoli yanajisema yenyewe. Nakala moja ubao wa matangazo, picha ya ukurasa kwenye kundi la wazazi la WhatsApp, nakala ya tatu kwenye faili. Beki wangu mmoja alipoomba nafasi chuo cha ualimu alikuja kuniomba kurasa zake. Zilikuwa kumi na tisa. Alizibeba kwenye bahasha kifuani, ndani ya shati.

Kumkabidhi mwingine

Misimu mitatu ya mwisho ya Robinson ilikuwa ya kufungwa kuliko kushinda. Watu walitaka aondoke mapema, wengine wakaona ni kumkosea adabu mzee, na akapewa msimu mmoja wa kuaga, 1997. Aliyemrithi mwaka 1998 ni Doug Williams, mchezaji wake mwenyewe. Williams ndiye yule aliyeiongoza timu ya Washington kushinda Super Bowl, fainali kuu ya mpira huo wa kulipwa, Januari 1988, mrushaji mkuu wa kwanza mweusi kuishinda, pointi 42 kwa 10 dhidi ya Denver. Robinson alifariki tarehe 3 Aprili 2007. Nadhani kilichoweka salama jina lake si ule ushindi wa mechi 408, ni kwamba aliyeshika timu baada yake alikuwa ameamshwa na kengele yake.

Mimi nimepata uhamisho, Januari naripoti kituo kipya. Kwa hiyo mwaka huu wote nimekuwa nakabidhi. Winga wangu wa kushoto wa timu ya kwanza kabisa sasa anafanya kazi mashine ya mbao, anakuja Jumanne na Alhamisi akitoka kazini, maranda bado kwenye nywele. Usikabidhi kwa kumpa mtu ufunguo siku ya mwisho. Muhula wa kwanza alikaa nami tu akitazama. Muhula wa pili alishika filimbi nusu ya kwanza ya mazoezi, mimi nusu ya pili. Sasa anashika yote, mimi nakaa kwenye kibanda cha Babu na daftari, na akiniangalia kutafuta jibu nageuza macho yangu kwa makipa. Ijumaa anapita ofisini kwa walimu wa masomo, mwanzoni waliona ajabu, sasa wanamwekea kiti.

Kilichobaki ni uwanja. Jumanne tulipima kona upya, mvua ziling'oa vigingi. Yeye alishika fundo jekundu, kijana wa kidato cha pili la mita 3, mimi la mita 7. Akapiga kigingi mwenyewe, akasimama. Nikachukua futi nikapima mshazari wa uwanja, huu na ule. Ilikuwa imetoka sentimita nne. Aliinama akaking'oa bila kuambiwa, tukavuta kamba tena.